Siku Dada Alipoendesha Kigari cha Mbio

Dadangu alipotoka eda, hakutaka karamu wala kutembelewa. Alitaka siku moja tu ya kukaa mahali ambapo hakuna mtu wa kumpa pole. Mumewe alikuwa amefariki kwa maradhi ya figo, baada ya kuumwa kwa muda mrefu, na miezi yote ile ya eda dada alikuwa ndani ya nyumba yake pale Malindi, akipokea wageni sebuleni na kusikiliza maneno yale yale kwa kila aliyeingia. Mimi ni mdogo wake. Nilihamia kwake tangu mazishini ili nimsaidie, na kila jioni nilimwona akivua ushungi, akaketi kitandani na kuutazama ukuta.

Alikuwa na mtoto mmoja, binti wa darasa la nne. Yule mtoto ndiye aliyekuwa akinitia wasiwasi zaidi. Hakulia babake alipokufa. Hakulia maiti ilipotolewa nyumbani, wala siku zilizofuata. Alikula alichopewa, akaenda shule, akarudi, akafanya kazi zake za masomo na kulala. Ukimwuliza yukoje, alijibu, "Sijambo, mama mdogo," kwa adabu, kama anayejibu mgeni.

Kwa hiyo siku alipokuja kumwambia mamake kwamba wenzake shuleni wamekwenda kwenye uwanja mpya wa michezo ya mashine na vigari, ule uliofunguliwa nje ya mji upande wa barabara ya Kilifi, na kwamba yeye pia angependa kwenda, dada hakufikiri mara mbili. Alisema, "Tutakwenda Jumamosi."

Gari lilikuwepo nyumbani. Lilikuwa la marehemu, jeupe, alilolitunza kuliko alivyojitunza mwenyewe. Dada hakujua kuliendesha. Katika miaka yote ya ndoa yao alimwomba mumewe amfundishe, naye alicheka kila mara na kusema, "Unataka kwenda wapi ambako siwezi kukupeleka?" Hakuwa mtu mbaya. Alimpeleka kweli kila alikotaka, mpaka alipolazwa. Baada ya kufa kwake, mdogo wake, shemeji yetu, akawa anakuja kuwasha injini ili betri isife. Mwanzo aliliwasha na kulizima. Kisha akawa analizungusha mtaani. Halafu ikafika siku akaondoka nalo na ufunguo akabaki nao. Mirathi ilikuwa bado haijagawanywa. Dada aliona yote hayo kupitia dirisha na hakusema kitu, kwa sababu alikuwa ndani ya eda na hakutaka mzozo.

Jumamosi ile ilibidi tumwombe shemeji atupeleke kwa gari ambalo awali lilikuwa mlangoni petu siku zote.

Alikuja mapema, amevaa kanzu safi. Mtoto aliketi mbele, sisi wawili nyuma. Tulipotoka mjini alimtazama dada kwenye kioo.

"Mimi nilidhani mngengoja kidogo, shemeji," alisema. "Watu watasema."

"Watasema nini?"

"Juzi tu umetoka eda."

"Nimetoka," dada alisema, akageuza uso dirishani.

Mahali penyewe palikuwa jengo refu la mabati lililopakwa rangi za kuwakawaka. Ndani kulikuwa na mashine za michezo zimepangwa ukutani hadi mwisho, kila moja ikipiga muziki wake na kumulika taa zake, na watoto wakikimbia kutoka hii kwenda ile. Kelele zilikuwa nyingi kiasi kwamba ilibidi umwinamie mtu sikioni. Kulikuwa na mashine yenye mkono wa chuma wa kuokotea wanasesere, na mkono ule ulimshika sungura mara kadhaa na kumwachilia kila mara kabla hajafika tunduni. Kulikuwa na vyura wa plastiki waliochomoza vichwa, na unatakiwa kuwagonga kwa nyundo kabla hawajarudi ndani. Hapo ndipo mtoto wetu aliposimama. Alishika nyundo, akagonga polepole, kisha kwa kasi, kisha kwa nguvu ambazo sikujua anazo. Taya lilikuwa limekaza. Dada alimtazama kwa muda, halafu akaniambia anakwenda kununua juisi.

Shemeji alikuwa amesimama kando karibu na mlango, ufunguo wa gari ukining'inia kidoleni. Simu yake iliita. Akageuka ukutani, na kwa sababu ya kelele akalazimika kupaza sauti. Nilikuwa nyuma yake, nikimtafutia mtoto taulo la kufutia mikono, nikasikia kila neno.

"Gari ni zima kabisa, halina tatizo," alisema. "La, lilikuwa la kaka. Kesho nitakuletea uliangalie. Ukilipenda, tumalizane."

Nilifikiri: nimwambie dada sasa, tuharibu siku, au ningoje tufike nyumbani? Niligeuka. Dada alikuwa amesimama nyuma yangu na bilauri mbili za juisi mkononi. Uso wake haukuonyesha kitu. Alinipa bilauri moja, nyingine akampelekea mtoto, akamwuliza, "Sasa unataka nini?"

"Vigari," mtoto alisema.

Uwanja wa vigari ulikuwa nyuma ya jengo, chini ya jua, na njia ya lami iliyopinda huku na huku ilizungukwa na tairi kuukuu zilizofungwa pamoja. Vigari vyenyewe vilikuwa chini sana, karibu kugusa ardhi, injini iko nyuma wazi, na nyuma ya kiti unaona chuma kile kinachozungusha magurudumu, hakina kifuniko cha maana. Vilinguruma kama mashine ya kusaga mahindi. Vijana wawili walikuwa tayari wanashindana, wakipita mbele yetu kwa moshi na harufu ya petroli.

Msimamizi alikuwa msichana mwenye filimbi shingoni. Alimpima mtoto kwa macho akasema ni mfupi bado kuendesha peke yake, lakini kipo kigari cha watu wawili, anaweza kukaa na mtu mzima.

"Basi nitampeleka mimi," shemeji alisema, akaanza kukunja kanzu.

"La," dada alisema. "Nitaendesha mimi."

Shemeji alicheka kidogo, akidhani ni mzaha. Kisha akaona si mzaha. "Shemeji, wewe hujui kuendesha."

"Nitajua leo."

"Mbele ya watu wote hawa? Na buibui?"

Dada alimtazama mtoto. "Unataka kwenda na nani?"

Mtoto alimtazama ami yake, akamtazama mamake. "Na mama," alisema.

Mimi mwenyewe sikupenda. Nilimshika dada mkono nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba tungeweza kuacha, tukamwachia ami akampeleka mtoto, hakuna aliyelazimika kuthibitisha kitu. Aliutoa mkono wangu, si kwa hasira. Alisema tu, "Niache."

Msichana wa filimbi alimwambia nguo ndefu ni hatari. Ilibidi aikusanye buibui na kuifunga magotini, na mtandio uingie wote ndani, pasibaki ncha nje. Nilimsaidia. Nilizisukuma ncha za mtandio ndani ya ukosi, nikazikandamiza, na msichana akamvalisha helmeti na kufunga kishikizo chake chini ya kidevu. Mtandio ulikuwa mpana, wa kitambaa chepesi kinachoteleza. Msichana alitazama, akaridhika. Nami niliridhika.

Mzunguko wa kwanza dada aliendesha kama mtu anayetembea gizani. Alifika kona ya kwanza akagonga tairi, msichana akaja kukisukuma kigari kirudi njiani. Vijana wawili walimpita wakacheka. Shemeji alikuwa ameegemea tairi kando yangu, mikono kifuani.

"Unaona," alisema.

Mzunguko uliofuata ulikuwa bora. Alijua sasa mahali pa kukanyaga mafuta na mahali pa kuachia. Alipopita mbele yetu nilimwona anatazama mbali mbele, si mikononi tena. Mtoto kando yake alikuwa ameshika chuma kwa mikono miwili, mdomo wazi. Walipita tena, kwa kasi zaidi, na nikasikia, katikati ya ngurumo, sauti ya mtoto akicheka. Sikuwa nimeisikia tangu babake alipolazwa. Nilitaka kumgeukia shemeji nimwambie, "Unasikia?" Lakini niliona kitu.

Ncha ya mtandio ilikuwa imetoka. Ilianza kama kipande kidogo kinachopigapiga begani. Kisha upepo ukaivuta, ikawa ndefu, ikapeperuka nyuma ya kiti juu ya injini, ikishuka na kupanda. Kila iliposhuka ilikaribia kile chuma kinachozunguka.

Nilipiga kelele. Nilimwita kwa jina lake, nikamwita tena. Injini za vigari vingine zilinimeza sauti. Msichana wa filimbi alikuwa ng'ambo ya uwanja, akimsaidia kijana mmoja aliyekwama, mgongo umetuelekea. Niligeuka kwa shemeji nikamwonyesha kwa kidole. Aliona mara moja. Uso wake ulibadilika, na kabla sijasema neno alikuwa amekunja kanzu, ameruka tairi, yuko ndani ya njia, akimkimbilia dada uso kwa uso, mikono yote juu, akipunga asimame.

Dada alimwona. Nina hakika alimwona, kwa sababu nilimwona akimtazama. Aliniona na mimi, nimesimama juu ya tairi nikipunga vilevile. Akaubana mdomo. Akakaza macho mbele, akampita shemeji kwa upande, akakanyaga mafuta.

Ilitokea kwenye kona. Mtandio ulishuka na haukupanda tena. Kichwa cha dada kilivutwa nyuma kwa ghafla, kama mtu aliyeshikwa nywele, mikono ikaachia usukani, na kigari kikaenda upande na kujigonga kwenye tairi. Kilisimama, lakini injini iliendelea kunguruma na magurudumu ya nyuma yakawa yanataka kuzunguka, yakisonga kidogo kidogo, na kila yaliposonga kitambaa kilizidi kujikaza.

Sijui nilifikaje pale. Nakumbuka tu kwamba shemeji alitangulia. Dada alikuwa amelazwa nyuma juu ya kiti, helmeti imeelekea mbinguni, mikono shingoni. Macho yalikuwa wazi. Hakuwa akitoa sauti yoyote. Shemeji alikishika kitambaa kilichokuwa kati ya shingo na injini akajaribu kukichana, lakini vitambaa vile vya siku hizi havichaniki, na alivyovuta ndivyo alivyozidi kumnyonga. Mimi nilitafuta pini. Nilijua ipo upande wa kushoto, chini ya kidevu, lakini kishikizo cha helmeti kilikuwa juu yake na vidole vyangu havikuweza kupita. Kitambaa kilikuwa kimeingia ndani ya nyama. Midomo yake ilianza kubadilika rangi.

Msichana wa filimbi alifika mbio akazima injini. Kimya kilikuja ghafla, na ndani ya kimya kile nilimsikia mtoto. Alikuwa bado amefungwa mkanda kwenye kiti chake, akimshika mamake mguu, akisema, "Na wewe usife. Na wewe usife, mama." Alikuwa analia kwa sauti kubwa.

"Nyuma," shemeji alisema. Alisema kwa utulivu kana kwamba anajisemea mwenyewe. Kisha kwa nguvu: "Nyuma, tukisukume nyuma, kitajikunjua. Shika huku, shemeji."

Nilishika. Msichana alishika upande wa pili. Tulikisukuma kigari kinyumenyume, na chuma kikazunguka kule kilikotoka, na kitambaa kikaanza kulegea, mkunjo mmoja, kisha mwingine, cheusi kwa mafuta na kimechakaa. Shemeji alikuwa amepiga magoti akikivuta kwa mikono kadiri kilivyotoka. Ndipo vidole vyangu vikapita. Niliifungua helmeti, nikaipata pini, ikanichoma, nikaitupa. Dada akavuta pumzi. Ilikuwa sauti mbaya, kama mlango mzito unaoburutwa sakafuni, lakini ilikuwa pumzi, na ikafuatwa na nyingine.

Watu walikuwa wamekusanyika. Msichana wa filimbi alivua fulana yake ya kazi, iliyokuwa juu ya nguo zake, akamfunika dada kichwa kabla mimi sijafikiria kufanya hivyo. Shemeji alimbeba mtoto. Tulimpeleka dada kwenye gari na shemeji akaendesha mpaka mjini huku amewasha taa zote na mkono uko kwenye honi.

Hospitalini daktari alimpima muda mrefu. Alituambia hakuna kilichovunjika, lakini shingo imeumia na sauti itachukua muda kurudi, asiongee sana. Alimvisha mkanda wa shingo na kutuambia alale pale usiku huo aangaliwe. Mtoto alilala kwenye benchi, kichwa mapajani mwangu. Alikuwa amelia njia nzima, akamlilia mamake, kisha babake kwa jina la utani alilokuwa akimwita, na mwisho akachoka. Shemeji alikuwa amesimama nje kwenye ukumbi. Kanzu yake ilikuwa na mafuta meusi mpaka viwikoni.

Niliingia peke yangu. Dada alinyoosha mkono nikaushika.

"Nilikuona," alisema. Sauti yake ilikuwa ya mkwaruzo, ilibidi niiname. "Na yeye nilimwona."

"Mbona basi hukusimama?"

"Nilidhani mnataka nishuke."

Nilikaa pale nikimshika mkono, nikifikiri jinsi nilivyomvuta pembeni kabla hajapanda, na jinsi yeye kutoka kule chini alivyotuona sisi wawili tukipunga mikono pamoja.

Baadaye akasema, "Anataka kuliuza gari."

"Najua. Nilisikia."

"Mwite."

Nilisita. Daktari alikuwa amesema asiongee. Alinikazia macho mpaka nikaenda. Shemeji aliingia akasimama karibu na mlango, mikono nyuma, kama mtoto aliyeitwa na mwalimu. Nilidhani dada angeanza na gari. Alianza na jambo jingine.

"Shemeji. Umeniokoa. Mwenyezi Mungu akulipe."

Aliinamisha kichwa. Akajifuta uso kwa mkono mchafu ukaacha alama ya mafuta shavuni. "Nilidhani tumekupoteza," alisema. "Nilikuwa nafikiri, nitamwambia nini kaka."

Dada alimwacha atulie. Kisha akasema, "Gari usiliuze."

Shemeji aliinua macho. Nilimwona akielewa kwamba tumeijua habari ya simu, na aibu ilimpita usoni, halafu ikaondoka.

"Shemeji," alisema taratibu, "hata hili la leo halijakufundisha?"

"Limenifundisha kwamba naweza kuendesha. Lililonishinda ni nguo."

"Na mimi nina haki yangu ndani ya gari lile."

"Unayo. Na mtoto anayo, na mamako anayo, na mimi ninayo. Twende kwa kadhi agawanye. Lakini kabla ya hapo usimpelekee mtu kuliangalia."

Alikohoa, akafumba macho kwa maumivu, na nesi akaja kututoa wote wawili. Ukumbini shemeji aliketi mwisho wa benchi. Tulikaa hivyo mpaka alfajiri, mtoto katikati yetu. Asubuhi aliniletea chai na mahamri kutoka nje, akaniachia ufunguo wa gari juu ya benchi, akaondoka kwa miguu.

Habari zilienea, kama zinavyoenea mtaani kwetu. Wako waliosema dada alikuwa ameadhibiwa kwa kutoka kwenda kucheza kabla machozi hayajakauka. Mmoja wa shangazi za marehemu alilisema hilo waziwazi siku walipokuja kumjulia hali, na dada hakuweza kujibu kwa sababu ya shingo. Aliyejibu ni shemeji. "Mimi nilikuwepo," alisema. "Wewe hukuwepo." Lakini shemeji huyo huyo, mbele ya kadhi, alipinga kwa kila njia dada kupewa gari. Alisema ni mali itakayoharibika mikononi mwa asiyejua, na sidhani alisema hivyo kwa uchoyo tu. Nadhani kila alipomwona dada na usukani aliiona ile shingo.

Mwisho dada alilichukua gari na kuwaachia warithi wenzake sehemu yake katika shamba la familia huko Adu, lenye mikorosho ambayo marehemu aliirithi kwa babake. Ndugu zetu wenyewe walimwambia amepunjwa. Shamba haliishi, walisema, gari ni chuma tu. Aliwasikiliza mpaka wakamaliza. Wiki iliyofuata alijiandikisha shule ya udereva, akawa anakwenda kila asubuhi amevaa ushungi mfupi alioushona mwenyewe, hauna ncha, umefungwa kabisa shingoni kama soksi. Mtihani wa kwanza alianguka. Injini ilimzimikia mlimani akaogopa kuiwasha tena. Wa pili akapita. Alama ya shingoni ilikuwa imekwisha kufifia wakati huo. Sauti haikurudi kabisa kuwa ile ya zamani. Mpaka leo ina mkwaruzo, hasa akichoka.

Sikukuu iliyofuata tulikwenda kwa mama mkwe wake kula chakula cha mchana, dada akiendesha, mimi kando yake na sufuria ya pilau mapajani, mtoto nyuma akisoma vibao vya maduka kwa sauti. Uchochoro wa pale ni mwembamba. Alijaribu kuliegesha gari ukutani, likaingia mshazari, akalitoa, likaingia mshazari tena. Shemeji alikuwa ametoka mlangoni na kusimama kwenye kizingiti. Nilimwona dada akimwona. Mikono yake ilikaza usukani.

Shemeji alitazama gurudumu la mbele, akatazama ukuta.

"Unakunja mapema," alisema. "Ngoja mkia upite kwanza."

Dada alilitoa gari kwa mara ya pili, akangoja mkia ukapita, kisha akakunja. Shemeji akaja upande wangu, akafungua mlango, akanipokea sufuria na kuingia nayo ndani.